Aliyetoka Kwenye Kundi

Juma hili tumeletewa swali ambalo hatukulitarajia, nalo linahusu simu na kaburi.

Jumuiya moja ndogo ndogo ya parokia yetu inalo daftari la kuzikana, kama zilivyo nalo jumuiya nyingi za huku kwetu. Kila kaya iliyoandikwa humo hutoa fedha kidogo, mchele na kuni wakati wa msiba wa mwenzao; nayo ikifikwa, huchimbiwa kaburi, hupikiwa, na watu hulala matanga kwake. Sasa mama mmoja, mke wa mkulima wa mpunga, alijitoa katika kundi sogozi la WhatsApp la jumuiya hiyo. Hakugombana na mtu wala hakuaga. Kwa kuwa tangu Agosti 2022 programu hiyo huwajulisha wasimamizi peke yao pale mtu anapotoka, msimamizi aliona inafaa awaarifu wengine, akaandika kwamba mama fulani ametutoka. Mnaokijua Kiswahili mmeshajua kilichofuata. Kabla ya jioni watu wanane walikuwa wamekwisha kumwombea raha ya milele, na wifi yake wa Tunduma alikuwa amekwisha kukata tiketi ya basi.

Mwenyewe alicheka alipoambiwa, nasi tulicheka naye. Kikaoni, hata hivyo, halikuwa jambo la kuchekesha. Lilitolewa pendekezo kwamba aliyetoka kwenye kundi ahesabiwe kuwa ametoka katika jumuiya, na jina lake lipigwe mstari daftarini. Kwa mtu wa huku mwambaoni mwa Ziwa Nyasa ni vigumu kufikiria adhabu nzito kuliko hiyo. Mtu aweza kuvumilia kutosalimiwa, aweza hata kuvumilia kusengenywa sokoni. Lakini kuambiwa kwamba siku ya kufa kwake majirani hawatashika jembe, hilo halivumiliki. Mama huyo ameturuhusu tulizungumze jambo lake hapa, mradi tusimtaje, nasi tunamshukuru.

Ili tulipime pendekezo lile, turudi nyuma kidogo, hadi wakati ambapo kutoka chumbani lilikuwa jambo dogo kabisa. Mwezi Agosti mwaka 1988, Mfini aitwaye Jarkko Oikarinen, akiwa katika Chuo Kikuu cha Oulu, alibuni mfumo wa mazungumzo kwa kompyuta ulioitwa IRC. Seva moja iliunganishwa na nyingine, na hiyo na nyingine tena, mfano wa majirani waliobomoa ua uliowatenganisha. Mtu aliingia kupitia seva iliyo karibu naye, akajipa jina alilolitaka, akachagua chumba, akaanza kuandika. Katika kanuni zilizochapishwa Mei 1993, jina hilo halikuruhusiwa kuzidi herufi 9, na ujumbe mmoja haukuzidi herufi 512. Picha hazikuwamo, wala sauti. Aliyeingia wa kwanza katika chumba kitupu ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na jina lake likatiwa alama ya @ mbele. Mtu wa mwisho alipotoka, chumba chenyewe kilikoma kuwapo. Hakikubaki kikiwa kitupu kikisubiri watu. Watu ndio waliokuwa chumba.

Aidha, seva haikutunza yaliyosemwa. Mtu aliweza kuhifadhi nakala katika kompyuta yake mwenyewe akipenda, lakini aliyeingia saa tatu usiku hakuweza kuyasoma ya saa mbili, isipokuwa mwenzake amsimulie. Na mtu alipotoka, mstari mmoja ulijitokeza kwenye skrini kueleza kwamba fulani ameondoka, ukapanda juu pamoja na mistari mingine, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Pengine umeme umekatika, pengine chakula kimeiva.

Wengi wetu nchini hatukuijua IRC. Neno kuchati tulilijifunza kwa Yahoo Messenger, iliyoanza mwaka 1998 ikiitwa Yahoo! Pager, na tulilijifunza katika kafe za intaneti. Tuliokuwa wanafunzi Mbeya mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 tunakumbuka vile vyumba vyenye joto, feni moja, kompyuta zilizopangwa ukutani, na foleni ya watu wanaosubiri mwenye zamu amalize. Ulilipa kwa saa. Dakika zilihesabika pembeni mwa skrini, na zilipokwisha skrini ilijifunga hata kama ulikuwa katikati ya neno. Katika vyumba vya mazungumzo, mgeni wa nchi usiyoijua alikuuliza swali la herufi tatu, ASL, yaani umri wako, jinsia yako na mahali ulipo, na majibu mengi yaliyotolewa yalikuwa ya uongo. Kijana wa Ipinda alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Mwalimu mwenye watoto wanne alikuwa na miaka 23.

Hatutaki kuzisifu siku hizo kupita kiasi, maana wazee huwa na tabia hiyo nasi tunaanza kuikaribia. Uovu ulikuwamo. Mwaka 2005 Yahoo ilivifunga vyumba vilivyoanzishwa na watumiaji wenyewe, baada ya kubainika kwamba baadhi yake vilikuwa hatari kwa watoto; vyumba vilivyosalia vilifungwa Desemba 2012, na Messenger yenyewe ikazimwa tarehe 17 Julai 2018. Jina la bandia lilimpa mwenye haya ujasiri wa kusema, na lilimpa mwenye nia mbaya pazia. Yote mawili ni kweli. Lakini kulikuwa na mlango. Mtu aliingia kwa miguu yake, akatoka kwa miguu yake, akafika nyumbani, na huko nyumbani mazungumzo hayakumfuata.

Kundi la WhatsApp ni kitu cha namna nyingine kabisa, ingawa kwa macho linafanana na kile chumba cha kale. Programu ilianzishwa na Jan Koum na Brian Acton mwaka 2009, makundi yakaja 2011. Idadi ya watu katika kundi moja imekuwa ikipanda: 100 mwaka 2014, 256 mwaka 2016, kisha 512 na hatimaye 1,024 katika mwaka 2022. Humu hujiiti jina. Jina lako ni namba yako ya simu, na namba ya simu hapa Tanzania, tangu usajili wa mwaka 2019 na 2020, imefungwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Mara nyingi pia huingii, unaingizwa. Tangu 2019 upo utaratibu wa kuchagua nani aweza kukuingiza, lakini katika simu tulizoombwa kuzitazama tumekuta wachache waliowahi kuugusa. Unaamka asubuhi, umo katika kundi la harusi ya mtu usiyemkumbuka, na mchango wako umekwisha kukadiriwa.

Kisha maneno hayaondoki. Ujumbe unakungoja hadi utakapofungua, na ukifungua mwenzako aweza kuziona tiki mbili za bluu. Zamani asiyejibu alikuwa hayupo. Siku hizi asiyejibu ameona akanyamaza, na kunyamaza kumekuwa kosa. Tumewapatanisha mume na mke ambao ugomvi wao wote ulianzia kwenye tiki mbili. Kumbe simu ilikuwa mikononi mwa mtoto aliyekuwa akitafuta katuni.

Hapa tunaomba kulileta neno la Kinyakyusa, nalo ni ukwangala. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku kwetu pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliliweka neno hilo katikati ya kitabu chake cha mwaka 1951 kiitwacho Good Company. Ukwangala ni kufurahia kuwa pamoja na wenzako: kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza kwa adabu na kwa raha na watu mlio sawa. Kwa maelezo yake, wazee waliyaona mazungumzo hayo kuwa ndiyo shule yao kuu. Ili yawepo, Wanyakyusa walifanya jambo ambalo makabila machache duniani yamelifanya: wavulana wa miaka kama 10 au 11 waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko pamoja na wenzao wa rika moja. Walikwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa, kibanda kikawa nyumba na vibanda vikawa kijiji. Vijiji vya namna hiyo havipo tena, lakini neno lipo, na mzee wa Ngonga au Mwaya ukimtamkia atatabasamu.

Tukiyaweka mambo haya mawili mbele ya ukwangala, lipi linafanana nao zaidi? Kwa haraka mtu atasema WhatsApp, kwa sababu humo tunajuana, na kwenye IRC watu walikuwa wageni. Sisi tunaona kila kimoja kimebeba nusu. Chumba cha kale kilikuwa na rika: walioingia walilingana, hakuna mkubwa wala mdogo, na mtu alipewa heshima kwa kadiri ya maneno yake. Lakini hakikuwa na chungu. Mgeni wa Oulu asingeweza kukuletea mchele ukifiwa. Kundi la leo lina chungu, tena kikubwa. Rika ndilo halina. Humo yumo baba, yumo mtoto, yumo mwenyekiti, yumo padre, yumo anayedai na anayedaiwa. Na yumo mkwe.

Neno hili la mwisho ndilo lililomtoa yule mama. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na mwiko mkali kati ya mke na baba wa mumewe. Hakuruhusiwa kumtazama wala kulitamka jina lake, na akimwona njiani alipinda pembeni akajificha. Vijiji vya rika viliusaidia mwiko huo, kwa kuwa mkwe alikaa kijiji kimoja na mkamwana kijiji kingine. Siku hizi umelegea sana, na Injili imetufundisha kukaa meza moja. Hata hivyo, heshima iliyozaa mwiko haijafa, hasa kwa waliolelewa na bibi zao. Mama yetu alikuwa mchangamfu kundini, mwenye kupenda kutuma ujumbe wa sauti na kuwatania wanawake wenzake kuhusu mambo ya ndani ya nyumba, utani ambao kati ya wanawake hauna ubaya. Siku moja mzee, baba mkwe wake, akanunuliwa simu janja na wajukuu. Akaingizwa kundini asubuhi. Usiku wake akamjibu mkamwana wake kwa kidole gumba kilichoinuliwa. Mzee hakukusudia lolote. Huenda hata hakujua amebonyeza nini. Lakini mama hakuweza kukaa tena humo. Alituambia kwamba alijiona kama mtu aliyekuwa akioga mtoni, akageuka, akamkuta mkwe amekaa ukingoni.

Katika chumba cha zamani angetoka tu, akaingia chumba cha pili. Katika kijiji cha rika mkwe asingekuwapo. Katika kundi la leo, kutoka kwake kumeitwa uasi.

Hatusemi haya ili makundi yafungwe. Anayeijua Kyela wakati wa masika anajua thamani yake. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikijaa, ujumbe mmoja kutoka Kajunjumele waweza kumzuia mtu asipite penye maji. Na familia iliyofiwa mtoto wake Dar es Salaam hupata michango ya ukoo mzima kwa siku mbili, jambo ambalo kwa barua lilichukua mwezi. Walio wakubwa kuliko sisi wanakumbuka redio za kuitana za misioni, zile zilizoitwa redio kolu, ambapo mmoja alisema na misioni zote zikasikia; kwa hiyo hata kusikiwa na wote si jambo geni. Tofauti ni kwamba redio ilizimwa, padre akaenda kulala. Na kuhusu uvumi, wenye programu wenyewe waliona hatari yake: Januari 2019 waliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda kwa moja tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imeufanya uongo wa mtandaoni kuwa kosa la jinai. Hayo tuyaache kwa leo.

Turudi kwenye daftari. Tulimwomba katibu wa jumuiya atusomee majina, kaya moja baada ya nyingine. Kaya ni 34. Kati ya hizo, 11 hazina simu janja hata moja. Zina vitochi, na mbili hazina simu kabisa. Wamo wavuvi wa dagaa, wamo wazee wanaokaa peke yao, na yumo mama wa Kikisi aliyeolewa huku, ambaye ndugu zake wa upande wa Ikombe huja sokoni Matema kwa mtumbwi wakiwa na vyungu vyao vya kuuza. Kaya hizi 11 hazijawahi kuwamo katika kundi. Hakuna aliyependekeza zifutwe. Zinazikwa na kuzika kama nyingine zote. Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba mtusaidie kuelewa: asiyewahi kuingia ni mwenzetu, ila aliyeingia akatoka si mwenzetu? Kama kundi ndilo jumuiya, basi hao 11 tumekuwa tukiwazika kwa makosa.

Jumuiya zetu zina umri mkubwa kuliko simu hizi. Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika Afrika Mashariki, na maana yake ilikuwa watu wa nyumba zinazopakana wakutane katika nyumba hizo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota nchini na makundi yakanyamaza. Jumatatu yake mzee mmoja alifariki katika jumuiya hiyo hiyo. Kijana alipanda baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba hadi kwenye mashamba ya kokoa, na saa 9 alasiri kaburi lilikuwa limechimbwa. Mama tunayemzungumzia alikuwa jikoni msibani akichambua mchele. Tunalikumbuka hilo kwa sababu tulikula chakula chake.

Kwa upande mwingine, hatumpi haki yote. Aliyeandikwa daftarini ana wajibu wa kupatikana. Ikiwa hataki kundi, basi amtaje jirani atakayempelekea habari, na jirani huyo akubali mbele ya wote. Asije akakosa msiba wa mtu akasema hakuambiwa. Mwenyewe amelikubali jambo hili, na amemtaja jirani. Msimamizi wa kundi, ambaye ni mtu mwema na mwenye kujituma, tumemwomba atenganishe mambo mawili: kundi la matangazo ya jumuiya nzima, ambamo viongozi peke yao huandika, na baraza la soga kwa wapendao, kina mama kwa kina mama, vijana kwa vijana. Amekubali la kwanza. La pili anasema litaleta maneno, na pengine anasema kweli. Mzee mwenye kidole gumba amesikia habari zote hizi kwa wajukuu, amesikitika, na amesema yuko tayari kutoka yeye. Tumemwomba asitoke, maana tutaanza upya.

Daftari si letu. Ni la jumuiya, na padre hana kalamu ya kuandika wala kufuta humo. Maoni yetu mmeyasikia. Kikao cha kuamua kitafanyika Alhamisi saa 10 jioni, nyumbani kwa katibu, baada ya sala ya jumuiya. Kila kaya ilete mtu mmoja, na mchele wa mwezi huu kwa wale ambao hawajatoa. Wenye simu zinazonasa minara ya ng'ambo ya Songwe waangalie saa zao, kwa sababu zikishika mtandao wa Malawi hurudi nyuma kwa saa moja, na mara iliyopita wanne walifika tukiwa tumekwisha kufunga. Tangazo hili limebandikwa pia kwenye mlango wa kanisa, na kijana wa baiskeli ameshapewa orodha ya nyumba 11, pamoja na moja iliyoongezeka.